Sauti Iliyoitika kwa Niaba Yangu

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda dukani kununua waya wa chaji. Shangazi alikuwa jikoni anapuliza moto, na kama kawaida yake hakuniacha nipite kimya.

"Bado tu unamfanya mama yako aongee na mabati?"

Mtu anayeishika rimoti kama panya aliyekufa, utamwambia nini kuhusu kompyuta? Nilikusanya tatu mbovu, nikazifungua, nikaunga moja nzima. Nikaiandikia kaprogramu: mama, ambaye hatoki kitandani, anagusa kitufe kwenye simu yake, kompyuta chumbani kwangu inapata habari, inanitumia ujumbe kwenye simu yangu, na spika iliyo karibu na kitanda chake inamjibu kwa sauti yangu niliyorekodi. Maneno mawili tu: "Nakuja, mama." Hata nikiwa nimezama kwenye shughuli zangu, roho yake inatulia.

"Sauti ya mtu haiachwi iitikie peke yake," shangazi akasema. "Anayeitika lazima afike. Usipofika wewe, atafika mwingine."

Ushamba mtupu. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mama alikuwa hagusi chakula. Kila kijiko nilichompelekea alikifungia mdomo. Muuguzi alishanieleza waziwazi: asipokula, tunamzika.

Dukani nikatoa simu ya mama mfukoni ili niujaribu waya. Ilikuwa imezima kabisa. Ndipo yangu ikatetemeka.

MAMA ANAITA.

Nikacheka. Simu inayoita ninayo mkononi, imekufa. Nikamfafanulia muuza duka kwamba huo ni ujumbe wa zamani, ulikwama mtandaoni, sasa ndiyo unafika. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hakuelewa hata chembe, maskini.

Ikatetemeka tena. Na tena...

Niliporudi, giza lilikuwa linaingia. Uani kulinuka waya ulioungua. Nikasimama chini ya dirisha la mama, nikaisikia spika.

"Nakuja, mama."

Sawa. Ndivyo nilivyoiagiza.

Kisha ndara zikaburuzwa sakafuni... taratibu... zikasimama.

"Nimefika, mama."

Hayo sikuyarekodi.

Nikazunguka, nikaingilia mlango wa jikoni. Shangazi aliponiona, mwiko ukabaki hewani.

"Si umepita hapa sasa hivi?" akanong'ona. "Nimekusemesha, hukunijibu. Umechukua bakuli la uji, ukaingia nalo."

"Acha upuuzi, shangazi." Lakini sauti ilinitoka nyembamba, nikaichukia.

Nikasukuma mlango wa chumba. Mama alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, mdomo umefutwa vizuri. Bakuli tupu lilikuwa mapajani mwake. Hapakuwa na mtu mwingine, na dirisha lina nondo.

"Mama, nani amekulisha?"

Akaniangalia. Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Mwanangu ametoka sasa hivi," akasema. "Wewe ni nani?"

Usiku uleule niliifuta programu, nikaivunja kompyuta kwa nyundo. Rafiki yangu mmoja, naye mchezea kompyuta, anasema kuna mtu aliingilia mtandao wangu kwa sababu sikuweka neno la siri. Kweli sikuweka, nani angetaka kumwibia mgonjwa kitufe? Lakini mwizi wa mtandaoni hashiki kijiko. Shangazi naye anarudia yaleyale yake ya kuitika na kufika. Wote wawili wananichosha.

Ninachojua ni hiki. Nikimsogelea mama na chakula, anageukia ukutani, anasema anamngoja mwanawe. Kwa hiyo kila jioni navaa viatu, natoka, nakaa nje ya geti kama mbwa aliyefukuzwa. Jitu linaloingia kumlisha halina hata sura, mpaka liazime yangu. Nalidharau kutoka moyoni. Na huku nje nasikia kijiko kikigonga bakuli, namsikia mama akicheka, na mashavu yake yameanza kurudi.

Jana nilikaidi, nikabaki ndani. Alilala na njaa.

Leo nimetoka mapema.