Anwani ya Kipenzi

Mtu akiniambia mtandao wake umerogwa, kitu cha kwanza namuuliza kama ameangalia waya. Katika ufundi wangu nimekuta waya uliotafunwa na panya, ruta, kile kiboksi cha kugawa mtandao, imefichwa ndani ya kabati la vyombo, plagi iliyochomolewa na mtu anayetaka kuchaji simu. Uchawi sijaukuta. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia jioni ile, nikiwa nafunga begi la vifaa nirudi zangu nyumbani, sikuwa na subira naye.

"Dada, njoo. Laptopu inakatika tena."

"Si nilikwambia uzime ruta, uiwashe?"

"Nimezima, nimewasha. Mafundi wengine wamekuja wameshindwa." Kisha akashusha sauti, kama mtu aliyeifunika simu kwa kiganja. "Dada... ikikatika, na mimi nakatika."

"Unakatika vipi?"

"Sijui. Nashtuka tu nimekaa, na kuna maneno yameandikwa, na siyo mimi niliyeyaandika. Zamani ilikuwa kupepesa jicho tu. Siku hizi ni kirefu. Naogopa siku moja nitakatika nisirudi."

Nilimwambia aache kuangalia sinema za kipuuzi. Lakini yule nimembeba mgongoni mimi, sauti yake ya uongo naijua na ya kweli naijua. Hii ilikuwa ya kweli. Nikageuza njia.

Nilifika jua likizama. Mdogo wangu anaishi kwa mama mkwe wake, na mumewe kila mara yuko safarini kikazi, kwa hiyo nyumba nzima ni wao wawili. Geti lilifunguliwa na yule mama mkwe. Shikamoo yangu aliiacha ikining'inia hewani.

"Wewe ndiye dada yake?"

"Ndiyo, mama."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja. Kwani vipi?"

Akafungua geti kiasi cha kunipitisha ubavu, kama mwizi. Nilimtolea macho na yeye akanitolea. Nilishamchukia kabla sijavua viatu.

Ndani kulikuwa na harufu. Udongo... udongo mbichi uliotoka kuchimbwa. Na sakafu ile ni ya vigae, inang'aa, huwezi kuona hata punje ya mchanga.

Mdogo wangu alikuwa mezani ukumbini, vipokea sauti vikiwa shingoni. Kazi yake ni kujibu wateja wa kampuni fulani kwa kuandika, kutwa nzima. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Nikatamani nimfokee, badala yake nikamkumbatia. Mama mkwe akaburuta kiti, akakaa mbele ya mlango wa chumba chake cha kulala, mgongo kwenye mlango, mikono mapajani. Akawa anatuangalia.

"Mama, kama una kazi nyingine endelea tu," nikamwambia.

"Kazi yangu ni hii."

Haya. Nikafungua laptopu yangu, nikaunga, nikaanzisha jaribio ambalo kila fundi huanza nalo. Laptopu inaiuliza ruta kila sekunde, upo? Ruta inajibu, nipo. Mstari mmoja kwa kila jibu. Yangu ikawa inajibiwa vizuri kabisa. Nikaweka jaribio lile lile kwenye laptopu ya mdogo wangu. Nipo. Nipo. Nipo.

Kisha kimya.

"Unaona, hapo imekatika," nikasema, nikainua macho nimwonyeshe.

Alikuwa ananitazama, lakini hanioni. Mdomo umeachama nusu. Nilimpungia mkono usoni, kope hazikucheza. Halafu mkono wake wa kulia ukainuka polepole, na kidole kimoja kikaanza kutafuta herufi.

Tak.

Tak.

Mdogo wangu anaandika kwa vidole kumi bila kuangalia. Ndiyo kazi inayomlisha.

Mistari ikarudi. Akavuta pumzi kubwa, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. "Imekatika tena?"

"Kidogo tu," nikamdanganya. Kwenye skrini yake, katikati ya jibu la mteja, palikuwa na maneno mawili: mama nipo.

Nyuma yetu kile kiti kililia. Yule mama alikuwa ameinama mbele kusoma.

Nilijiambia ni kifafa. Kuna kifafa cha kukodoa macho tu, nimewahi kukisikia. Kesho nampeleka hospitali. Lakini mtandao je? Nikaendelea na kazi maana mikono yangu ikiwa na kazi hofu inapungua. Nilizima ile hali ya kubana betri, ambayo huzima mtandao bila kumwambia mwenyewe. Ikakatika. Niliufuta mtandao kwenye laptopu nikaunga upya. Ikakatika, na yeye akakatika, na safari hii nilisema jina lake mara kadhaa kabla hajarudi. Nikafanya jambo la mwisho la kufanya, nikabadilishana naye laptopu. Yeye akashika yangu, mimi nikashika yake.

Yake, mikononi mwangu, ikatulia tuli.

Yangu, mikononi mwake, ikakatika.

Ugonjwa wa laptopu hubaki kwenye laptopu. Huu ulimfuata mtu.

"Nimekwambia," mdogo wangu akanong'ona aliporudi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Nimekwambia ukanicheka."

Nikaingia kwenye ruta yenyewe. Ruta huwa na orodha ya kila kifaa kilichoungwa, na kila kifaa hupewa anwani yake, kama nyumba zinavyopewa namba ili barua zisipotee. Vifaa viwili vikipewa anwani moja vinapigana kumbo. Huyu akiingia yule anatoka, yule akirudi huyu anatoka. Mtumiaji anaona mtandao unakatika. Ni kosa la kawaida, nilishalitibu mahali pengi, na nilipoliona pale nilitaka kucheka kwa furaha. Anwani ya mdogo wangu ilikuwa na wenyewe wawili. Mmoja alikuwa yeye. Mwingine aliitwa Kipenzi.

"Kipenzi ni nani?"

Mdogo wangu akaweka mkono mdomoni. Akaninong'oneza sikioni. "Ni binti yake. Wote humu walikuwa wanamwita hivyo. Alifariki kabla sijaolewa."

"Na laptopu yake?"

Akaelekeza macho kwenye ule mlango.

Nikasimama. "Mama, naomba niione laptopu ya marehemu. Inagongana na ya huyu."

"Humu huingii."

"Basi izime mwenyewe."

"Haiwaki." Akatabasamu, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Unataka kuona? Angalia kutoka hapo ulipo."

Akasukuma mlango kwa kisigino bila kuinuka kitini. Ile harufu ya udongo ikatoka kama imesukumwa. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kimetandikwa shuka jeupe, na juu ya mto, mahali pa kichwa, palikuwa na laptopu. Skrini imepasuka. Tundu la betri lilikuwa wazi, hamna betri. Hamna waya. Hamna taa hata moja.

Na vibonye vilikuwa vinabonyea.

Tak... tak...

Mama mkwe akauvuta mlango ukafungika.

Nilirudi mezani, nikamweka mdogo wangu begani kwangu, na mkono uliobaki ukaenda kwenye ruta. Nilikifuta kile kifaa. Kipenzi akatoweka kwenye orodha. Kabla sijameza mate akarudi. Nikamfungia kabisa asiingie tena. Akarudi. Nikabadilisha nywila ya mtandao. Akarudi wa kwanza, kabla hata ya laptopu yangu mwenyewe.

Begani mwangu mdogo wangu akawa mzito.

"Amka. Amka mama, amka." Nilimpiga mashavu. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Kidole kimoja kikawa kinagonga mezani, tak, tak, kinatafuta herufi ambazo hazipo. Ilichukua muda mrefu. Aliporudi aliongea kwa taabu.

"Nyingine kama hii siwezi, dada. Fanya kitu."

Ukumbi ulikuwa na giza sasa, hakuna aliyewasha taa. Kutoka kwenye kile kiti ikaja sauti ya kunong'ona, laini, kama anamuuliza mtoto.

"Fundi. Kati yao, nani ametangulia?"

"Wa kwako," nikajibu bila kufikiri.

"Na nyie mafundi mkikuta hivyo, mnafanyaje?"

Niliona swali la kijinga. Kila fundi anajua. Yule aliyetangulia na hataki kuhama, unamwacha. Unamfuta yule aliyekuja juu yake, halafu unamwambia aingie upya, ruta inampa anwani mpya isiyo na mgomvi. Kazi imekwisha. Nimeifanya maofisini, mashuleni, kwa watu wenye haraka kuliko mimi. Na mimi nilikuwa na haraka, nilitaka kumwokoa mdogo wangu kabla hajakatika tena.

"Subiri kidogo tu," nikamwambia. "Nakutoa, halafu unaingia upya. Utapata ya kwako peke yako."

"Usiniache."

"Nipo hapa."

Nikalichagua jina lake. Nikabonyeza futa.

Ile harufu ikakatika, pale pale. Mdogo wangu akajinyoosha kitini, mgongo wima. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Akaisogeza laptopu karibu na kwa kidole kimoja akaanza kuandika, herufi moja, akaitafuta nyingine.

"Ingia upya," nikamwambia. "Bonyeza hapo, unga."

Hakuniangalia.

"Mama," akaita.

Nilidhani anamwita mama yetu. Lakini yule mwanamke alikuwa ameshainuka, amepiga magoti, ameweka kichwa kwenye mapaja ya mdogo wangu, analia kwa kwikwi. "Umekuja. Mwanangu umekuja."

Nilimshika mdogo wangu mabega nikamtikisa. Nilimwita jina la nyumbani, lile la utotoni ambalo hata mumewe halijui. Akauondoa mkono wangu taratibu, kwa adabu.

"Fundi, unaniumiza."

"Umemfanya nini?" nikamgeukia yule mama. Nilikuwa napiga kelele sasa. "Umemfanya nini mdogo wangu?"

Akainua uso uliolowa. "Mimi? Sikumgusa. Wale mafundi wengine nao walimfuta, akarudi. Niliambiwa atolewe na mtu wa tumbo moja, kwa mkono wake, kwa hiari yake." Akajifuta pua kwa upande wa kiganja. "Sasa toka kwangu."

Nani alimwambia, sijui mpaka leo. Niliitafuta anwani ile kwenye ruta. Ilikuwa na mwenyewe mmoja, Kipenzi, na mistari ilikuwa inashuka bila kukatika. Nipo, nipo, nipo.

Nimempigia shemeji. Anasema mke wake hajawahi kuwa mzima kama sasa, anapatana na mama yake mpaka wanalala chumba kimoja, na ananishukuru kwa mtandao. Nimemwambia mama yetu mzazi, akaniuliza kama nina wivu. Binti yake anampigia kila siku, anasema, amekuwa na heshima, ila kuna mambo ya utotoni ameyasahau. Polisi nitawaambia nini? Kwamba nilibonyeza?

Kazi sijaacha. Watu wanashangaa ninavyopokea kazi ovyo siku hizi, mbali, karibu, popote penye ruta. Sababu ni moja. Popote ninapoingia, kwa mteja yeyote, chini kabisa ya ile orodha kuna kifaa kimoja kinaomba kuingia. Hakina jina. Mteja akiulizwa hakijui. Ninakikubalia. Ruta inatafuta anwani ya kukipa, inatafuta, inatafuta, inakosa, inakitoa.

Nilimwambia aingie upya. Anajaribu.

Jana, kwenye duka la mtu nisiyemjua, nilikikubalia mpaka mwenye duka akaninyang'anya laptopu. Kilikuwa bado kinaomba.