Jiwe Juu ya Pipa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kujaza maji kwenye pipa la uani na kuokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya mama. Mama ni fundi wa nguo, na chumba cha mbele ndicho anachoshonea. Huniita Kiherehere, maana mikono yangu haitulii.

Juma moja greda lilichimba mtaro wa barabara mpya hatua chache tu kutoka kwetu, likamwaga kifusi kwenye kona ya kiwanja. Mvua ya kwanza iliponyesha, udongo wa mtaro ulimomonyoka, na ukuta wa chumba cha mbele ukapasuka kuanzia dirishani hadi chini. Vidole vyangu viliingia kwenye ufa. Mama alihamisha cherehani yake, na tangu siku hiyo hakula vizuri.

Alhamisi alikuja msimamizi wa barabara pamoja na mpima ardhi, mzee mfupi aliyebeba futi ya kupimia na koleo.

"Mama, ukuta ukiwa ndani ya kiwanja chako, tutakujengea," alisema msimamizi. "Ukiwa kwenye eneo la barabara, hatujengi, na chumba chenyewe tutakibomoa."

"Hati ninayo," mama alijibu. "Na jiwe la mpaka liko pale konani."

Walitafuta kwenye kifusi. Jiwe halikuonekana.

"Wallahi lilikuwepo!" mama alisema, jasho likimtoka. "Greda lenu limeling'oa!"

"Kila mtu husema hivyo," alisema msimamizi, akafungua daftari lake.

Mimi nilijua jiwe lilipo. Miezi miwili nyuma upepo ulikuwa ukipeperusha kifuniko cha pipa kila siku. Mama alipokwenda sokoni, nikalichimbua lile jiwe lenye namba, nikaliosha, nikalishonea mfuko wa mabaki ya kitambaa cha maua, nikaliweka juu ya kifuniko. Mama aliporudi alisifu mshono. Hakuuliza kilichomo.

Nilitaka kukimbilia shuleni. Wangesema tumehamisha mpaka makusudi! Lakini mama alikuwa anaapa kwa moyo safi, na mimi ndiye niliyemfanya aonekane mwongo. Hilo lilinishinda.

"Ni mimi," nilisema, machozi yakinitoka. "Liko juu ya pipa."

Mama alikwenda uani, akarudi nalo. Mpima ardhi alivua ule mfuko wa maua, akasoma namba, akailinganisha na ya kwenye hati. Zilikuwa sawa.

"Jiwe lililong'olewa halina kazi," alisema msimamizi. "Mtu anaweza kuliweka popote apendapo."

"Subiri, bwana," alisema mpima ardhi. "Binti, nionyeshe ulipolichimba. Pale pale, usibahatishe."

Nilikumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa nimesimama mkabala na nguzo ya uzio wa jirani. Niliweka kidole. Mzee alichimba hadi koleo likagonga chuma.

"Chini ya jiwe huwa tunazika kipande cha nondo," alisema akitabasamu. "Watu wengi hawajui. Lakini ndani ya kifusi hiki, bila wewe, nisingejua pa kuchimba."

Alivuta futi. Ukuta wetu ulikuwa ndani ya kiwanja, tena kwa mita nzima. Msimamizi alikohoa, akafuta alichokuwa ameandika.

Baada ya wiki tatu ukuta ulisimama upya, na mtaro ukajengwa kwa mawe. Siku mama aliporudisha cherehani yake, aliniita.

"Jiwe la mpaka ni ushahidi wa nyumba yetu, haliguswi," alisema. "Nilikasirika sana, Kiherehere. Lakini ungekaa kimya, leo ningekuwa nashonea barabarani. Ukikosea tena, na utakosea tu, njoo useme mapema."

Kisha akanirudishia ule mfuko wa maua. Sasa ndani yake kuna tofali, na kabla sijalichukua niliomba ruhusa.