Mke wa Mashimo ya Kibingo

Jamani, Hatibu alijipalia makaa mwenyewe.

Ndui ilikuwa imewamaliza wafua chuma wote wa Kibingo. Mashimo yao ya kuyeyushia chuma yakabaki matupu, na jembe likawa adimu Karagwe nzima. Hatibu, mchuuzi ambaye babake alitoka pwani, akaenda huko kuokota chuma kilichosalia. Wakati wa magharibi akarudi na nyundo moja kubwa, nyeusi. Akiogopa macho ya watu, aliifunika kwa kanga ambayo mkewe, Mwaja, alimfungia chakula cha njiani. Akaipakata hadi ndani.

Mwaja alikuwa anamenya ndizi. Akasikia harufu... chuma cha moto, na damu.

"Umeleta nini, mume wangu?"

Kabla hajajibiwa, jirani yao, bibi Kokugonza, mjane wa mfua chuma, alisimama mlangoni akikikodolea macho kile kifurushi.

"Umeifunika nguo?" akanong'ona. "Ukaivusha kizingiti?"

"Ndiyo, bibi. Kwani kuna nini?"

"Pole, mwanangu. Kwetu nyundo huingizwa nyumbani hivyo hivyo, kama bibi harusi. Umeoa. Na huyo hataki mke mwenza."

Hatibu akacheka. Mpuuzi huyo!

Kwa!

Bibi Kokugonza alianguka juu ya ndizi, fuvu limepasuka. Nyundo ilikuwa mkononi mwa Hatibu.

"Si mimi!" akalia. "Mkono haunitii, Mwaja! Kimbia!"

Kwa!

Goti la Mwaja likavunjika. Akajikokota kwa viwiko kuelekea mlangoni, huku nyundo ikimburura Hatibu nyuma yake. Hatibu alilia kwa sauti. Na katikati ya kilio hicho, Mwaja alisikia mwanamke akihema... karibu kabisa na sikio lake.

Nyundo ikapanda juu ya kichwa chake.

"Mwaja," Hatibu akanong'ona, "nimekuacha."

Ikasita.

"Nimekuacha. Nimekuacha, talaka tatu."

Mkono ukashuka taratibu. Mwaja akaelewa kwa nini ameachwa, na moyo ukamuuma kuliko goti. Akatambaa nje. Mlango ukajifunga. Ndani kikasikika kicheko chembamba cha mwanamke.

Majirani walipouvunja mlango walikuta maiti ya bibi Kokugonza peke yake. Hatibu hakuwepo, wala nyundo. Wapo wanaosema alikimbilia mbali, upande wa Kaisho. Wapo wanaoapa kwamba huko mashimoni, jua likizama, mtu anafua chuma na kulia.

Mwaja yuko ndani, mguu umefungwa vijiti. Aliyeachwa hukaa eda miezi mitatu, aliyefiwa miezi minne na siku kumi. Kila jioni huwauliza wanawake wanaomletea uji yeye ni yupi, aliyeachwa au aliyefiwa.