Kimya cha Yuditha

Soko la Mbuyuni lilikuwa limefurika asubuhi ile ya mwaka 2001 Sirili aliposimama mbele ya meza ya Yuditha, shati jeupe limenyooshwa pasi, akaomba kitenge cha mama yake. Mlima ulikuwa umejifunua wote, na weupe wa theluji yake ulitua juu ya gauni la zambarau la Yuditha.

"Nichagulie ambacho ungevaa wewe."

"Kwani mimi ndiye mama yako?"

"Hapana. Nataka mfanane mkikaa pamoja."

Yuditha alicheka, na moyo ukamwendea mbio.

Sirili alikuwa fundi redio wa mtaa wa Pasua. Kila mchana alimpigia kupitia simu ya duka la jirani. "Mpenzi, umekula?" Sauti ile ilimfanya Yuditha aelee kama ukungu juu ya migomba.

Kisha maumivu yakaanza, mbele ya sikio. Taya lilialika kila alipotafuna. Aling'olewa jino, maumivu yakabaki palepale. Akaona aibu kusema, na kwenye simu akawa anajibu "mh" tu.

Jumapili moja Sirili alimpeleka Kibosho kwa mama yake, aliyekuwa amewachomea mbuzi. Tonge la pili, taya likakaza. Mdomo haukufunguka hata upana wa vidole viwili. Yuditha aliinuka, mkono shavuni, akatoka machozi yakimlenga. Mama akabaki akiutazama mlango.

Kesho yake simu ililia. "Kama umenichoka, niambie tu," alisema Sirili.

Yuditha alijaribu kujibu, taya likakataa kufunguka. Sirili akakata.

Eunike, muuza viatu wa meza ya pili, ndiye aliyempeleka kwa daktari wa meno. Daktari aliweka vidole mbele ya masikio ya Yuditha, akamwambia afungue mdomo taratibu.

"Ukiamka, taya huwa limechoka?"

Yuditha akatikisa kichwa kukubali.

"Unasaga meno usingizini. Meno yako ni mazima, kinachouma ni kiungo cha taya."

Alimkanda mpaka taya likalegea. Akamwagiza akande kwa kitambaa cha maji moto, ale vyakula laini, asibane meno, na akilala avae kinga ya plastiki aliyomtengenezea.

Wiki ya tatu Yuditha alikwenda Pasua mwenyewe. Redio tatu zilikuwa zikiongea kwa pamoja kibandani.

"Usinikatize," alisema, "bado naongea polepole." Akamweleza yote.

Sirili aliinamisha kichwa. "Nilidhani una mwingine."

"Nilikuwa na maumivu. Na niliogopa utanicheka taya likilia."

Sirili alimgusa mbele ya sikio, kwa upole. "Jumapili twende Kibosho. Mama atakupikia mtori laini wa ndizi, nami nimwambie nataka kukuoa."

"Mimi umeshaniuliza?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Nataka."

Sirili alizima redio ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

"Sijasikia vizuri."

"Nataka, Sirili," alisema Yuditha, na hapakuuma popote.