Mchanga wa Kunawia

Haya yalimkuta Ndikumana, jirani yetu wa Nyamiaga, kiangazi cha mwaka 1995, wakati wakimbizi walipokuwa wengi Ngara kuliko sisi wenyeji. Asubuhi yenyewe haikuwa na neno. Alikunywa chai ya rangi, akafuta vumbi juu ya tangi la kioo lililokuwa sebuleni, akamngoja samaki wa mkewe achomoze kutoka mchangani.

Tangi lilikuwa la Ildefonsa. Walikutana chuoni Dar es Salaam, wote wawili watoto wa Ngara, yeye akisomea viumbe wa baharini na Ndikumana akisomea maji. Mtaalamu mmoja mgeni, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Ildefonsa tangi hilo, pampu ndogo ya hewa na ndoo za chumvi ya kutengenezea maji ya bahari. Ildefonsa akavisafirisha vyote mpaka huku milimani, pamoja na samaki mmoja wa kijani, mrefu kama kidole cha kati, wa aina inayojifukia mchangani kila jioni ili ilale. Mwezi wa tatu Ildefonsa alishikwa na homa, na homa haikumwacha. Wakamzika kwao, Mabawe. Samaki akabaki.

Kwetu, watu wakitoka kuzika hawaingii nyumbani na udongo wa kaburi. Hunawa. Mmoja humwagia mwenzake maji, vidole husuguliwa kimoja kimoja, majembe huoshwa, na kila mtu huondoka bila kugeuka nyuma. Siku ya maziko ya Ildefonsa, zamu ya mgane ilipofika, Ndikumana hakuonekana. Alikuwa juu ya baiskeli akirudi Nyamiaga, kwa sababu betri ya pampu ilikuwa inaisha na samaki angekosa hewa. Domisiana, mdogo wa marehemu, alibaki amesimama na birika mkononi. Hakumsamehe.

Majirani nao waligeuka. Kina mama waliopanga foleni ya maji tangu alfajiri walimwona akipita na dumu la maji ya samaki. Wakasema hakunawa kwa kuwa hana msiba. Kwamba mkewe hakuzikwa, yumo kwenye kioo.

"Msalimie," mmoja alimwambia kisimani.

Wenzake hawakucheka.

Asubuhi hiyo ninayoisema, Ndikumana aliona mchanga umekuwa mweusi kwa chini. Alipouchoma kwa kijiti, ulitoa mapovu yanayonuka mayai viza. Mchanga ulikuwa umeoza. Akiuacha, samaki angekufa kwa sumu. Akiutoa bila kuweka mwingine, samaki angekosa pa kulala, na samaki wa aina ile akikosa mchanga hali kitu. Hujigonga kwenye kioo mpaka anakufa. Na huyo ndiye kiumbe wa mwisho aliyelishwa kwa mkono wa Ildefonsa. Ndikumana aliutoa mchanga, akaanza kutafuta mwingine.

Mchanga wa bahari ulikuwa Dar es Salaam. Dereva wa lori la msaada alimtajia bei ya kumletea gunia moja, Ndikumana akadhani anataniwa. Mchanga wa mafundi ujenzi ulikuwa rahisi, lakini mwekundu, umejaa udongo. Alifika hadi Nemba, upande wa Biharamulo, alikoambiwa kuna mweupe. Ulikuwa mweupe kweli, ila mkali kama chupa iliyosagwa, ungemchuna samaki. Na kila mahali alidondosha siki juu ya chembe chache. Mchanga unaofaa maji ya bahari una chokaa, na chokaa ikiguswa na siki huchemka. Hakuna uliochemka. Nyumbani, samaki alikuwa ameanza kuchubuka mdomo.

Aliupata bila kutegemea, bondeni chini ya kambi, alipokwenda kazini kuchukua maji ya kupima. Kijito kilikuwa kimekauka nusu. Kwenye kona moja palikuwa na mchanga mweupe, laini kama unga wa muhogo. Haukuwa na mwenyewe, wala bei. Alidondosha siki.

Ukachemka.

Konokono, alijiambia. Magamba ya konokono yaliyosagika. Akaanza kujaza gunia.

"Unafanya nini hapo?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mzee wa kambini. Ndikumana alimjua kwa jina, Nyirabahizi. Alikuwa akiongoza wenzake kila wanapotoka kuzika.

"Shikamoo, bibi. Nachukua mchanga kidogo."

Hakuitikia. "Hapo tunanawa."

"Nimeona pasafi tu, bibi."

"Tangu tuje tunanawa hapo. Majembe yote yanaoshwa hapo. Na makaburi yamejaa, siku hizi wanachimba juu ya wenzao. Unanisikia? Jembe linatoka na kila kitu."

Ndikumana alitazama chembe nyeupe kiganjani mwake. Halafu akamkumbuka samaki.

"Nitauosha vizuri, bibi."

Nyirabahizi alicheka, na hakikuwa kicheko. "Msomi! Watu wameacha vifo vyao hapa wakaondoka bila kugeuka. Wewe unawageukia." Akatema mate chini, karibu na gunia. "Wewe mwenyewe ulinawa?"

Ndikumana alifunga gunia.

"Chukua," alisema yule mzee. "Ila huku usiurudishe."

Mfuga samaki yeyote anajua kwamba mchanga mgeni huoshwa mpaka maji yake yawe maangavu. Ndikumana aliuosha uani, kwenye beseni, akiufikicha kwa vidole. Mchanga ulikuwa mweupe. Maji yakatoka mekundu. Akamwaga, akatia mengine. Mekundu. Wekundu wenyewe aliutambua. Bondeni kule udongo ni wa kijivu. Wekundu ule ni wa Mabawe.

Akaendelea kuosha. Kisha, mara moja, maji yakawa maangavu, na uani kukanuka udongo mbichi na sabuni ya kipande.

Samaki hakuutaka mchanga ule. Alijibana juu kabisa, pembeni, macho yakitazama chini. Jumapili, Ndikumana aliporudi kutoka kanisani, alikuta mchanga umejikusanya katikati ya tangi. Kichuguu kirefu, chembamba, kimeinuka upande mmoja. Pampu, alisema kwa sauti, ingawa hakuwa na wa kumwambia. Akausawazisha kwa kijiko. Baada ya chakula cha mchana, kichuguu kilikuwa kimerudi.

Kilikuwa kimekuwa kirefu zaidi.

Jumatatu, jua likiwa utosini, Domisiana alifika na birika lake. Hakuketi.

"Shemeji, leo utanawa. Wazee wamenituma. Ukikataa, usikanyage Mabawe tena."

"Ngoja kwanza. Samaki haonekani."

"Dada yangu amekufa, unaniambia habari za samaki?"

"Amejifukia. Nataka tu nijue kama yu hai."

Alikunja shati, akaingiza mkono wa kulia majini. Mchanga ulikuwa na kina cha vidole vinne, aliupima mwenyewe. Vidole vikazama. Kiganja kikazama. Kiwiko kikazama. Domisiana aliinama kutazama chini ya tangi. Palikuwa na meza, na chini ya meza hapakuwa na kitu.

Mkono ukaingia mpaka begani. Shavu la Ndikumana likagusa maji. Akatulia.

"Shemeji," alinong'ona.

"Nini?"

"Kuna mtu."

"Wapi?"

"Huku chini. Ananinawisha."

Domisiana alilikumbatia birika.

"Kidole gumba," alinong'ona Ndikumana. "Sasa cha pili." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa karibu kutabasamu. "Ni yeye. Ana mikono yake."

Kisha tabasamu likaondoka.

"Anasugua sana."

"Utoe mkono."

"Hataki. Wako wengi. Shemeji, wako wengi."

Bega likazama. Sikio likazama. Domisiana alitupa birika, akamkumbatia kiunoni, akavuta. Kilichokuwa chini nacho kikavuta. Maji hayakutikisika hata kidogo. Mdomo wa Ndikumana ulikuwa majini, nao ulikuwa unasema jina la mkewe, na kila alipolisema alivutwa zaidi. Domisiana ndiye aliyepata la kufanya. Aliweka mdomo karibu na maji akasema, kwa Kihangaza, maneno ambayo watu wetu humwambia marehemu wakimaliza kunawa: tumekuacha, nawe tuache.

Wakaanguka wote wawili sakafuni.

Mkono ulikuwa safi kuliko mkono wa mtoto mchanga. Kucha zilikuwa nyeupe. Pete ya ndoa, ambayo Ndikumana aliivaa mkono huo tangu kidole cha kushoto kilipovunjika, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mchubuko mzunguko mzima.

Waliumwaga mchanga wote uani, wakauchambua kwa chekeche. Ulikuwa uleule wa kina cha vidole vinne, si zaidi. Pete haikuwemo. Samaki hakuwemo. Waliuzika hapohapo Nyamiaga, nyuma ya nyumba, chini ya mawe. Mabawe haikupelekwa hata chembe moja. Domisiana ameapa hivyo mbele ya paroko.

Kisha aliokota birika, akajaza maji. Ndikumana alinyoosha mkono wa kushoto peke yake.

"Huu," alisema. "Ule mwingine umekwisha."

Yu hai mpaka leo. Tangi alilivunja mwenyewe kwa nyundo, na samaki hamtaji. Ngozi ya vidole vyake vya kulia imekunjamana, kama ya mtu aliyeshinda akifua, hata kiangazi kikali. Kaburini kwa mkewe haendi.

Nimekwenda mimi. Kaburi la Ildefonsa ni la udongo mwekundu, kama yote ya pale. Lakini wenye mbuzi Mabawe wanalalamika kwamba mbuzi wao hawafungiki tena. Wanakata kamba, wanapita mashamba ya watu bila kugusa jani, wanapiga magoti kwenye kaburi hilo moja, na kulilamba kama wanavyolamba chumvi.