Kopo la Unga Mchachu

Yudith, mke wa Methusela, hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, mikono inatafuta kazi. Kabla jirani hajafungua mlango, Yudith alikuwa amekwisha kukamua mbuzi, amefagia ua wa tembe na ameteka maji.

"Mama Ruthu, hebu kaa kidogo," mumewe alikuwa akimwambia.

"Nikikaa, kazi atafanya nani?"

Hiyo ilikuwa Dodoma ya enzi za Wajerumani, mwaka wa pili tangu reli ifike. Methusela alikuwa mpishi wa bwana mmoja wa reli. Reli ilipoendelea kujengwa kuelekea Tabora, bwana yule alihamia mbele, na Methusela akaambiwa amfuate kwa mwezi mmoja. Kabla ya kuondoka, alileta nyumbani kopo la bati lenye mfuniko wa kubana. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Nje palikuwa na karatasi yenye maandishi.

"Kopo hili usiliguse," alisema. "Ni unga wa kazi yangu."

"Sawa," alijibu Yudith. Lakini jicho lake lilibaki kwenye kopo. Unga hakuutazama hata kidogo.

Jamani, kopo! Siku zile kopo zuri la bati lilikuwa mali. Halivunjiki kama chungu, halipasuki kama kibuyu, na likisuguliwa kwa majivu linang'aa hadi unajiona uso. Yudith alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akashindwa. Aliumimina unga kwenye kibuyu kidogo, akakiziba kwa gunzi, akakitundika kwenye boriti juu ya jiko. Ndivyo Wagogo walivyotunza vitu: moshi hufukuza wadudu. Karibu yake kilining'inia kibuyu kingine kidogo, cha unga wa ubuyu. Ile karatasi aliibandua akaitupa motoni. Alikuwa amekwisha kujifunza herufi kule misheni, lakini maneno yale yalikuwa ya Kijerumani. Yangemfaa nini? Kopo likawa la kupimia maziwa.

Wiki tatu zikapita. Moshi ukavipaka vibuyu vyote viwili weusi uleule.

Alhamisi moja asubuhi Yudith alikuwa anakoroga uji wa uwele. Ruthu, binti yake wa miaka minne, alikuwa ameketi na kikombe chake cha mti.

"Mama, tia ubuyu! Tia mwingi!"

Mara mbuzi wakavunja uzio wa mtama. Loo! Yudith alipiga kelele, akanyakua kibuyu, akatia miko mitatu ya unga kwenye kikombe cha mtoto. Akaonja kwa ncha ya kidole. Mchachu. Akampa Ruthu, kisha akatoka mbio na fimbo.

Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu. Ruthu alikuwa amejikunja chini, ameshika tumbo.

"Mama, tumbo! Mama wee!"

Akatapika. Akahara. Akatapika tena. Yudith alimbeba, akamlaza, akambeba tena. Alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Hakujua ashike lipi. Mtoto alianza kulegea, na mikono yake ikawa baridi.

Mwamvua alisikia kilio akaja mbio. Huyu alikuwa jirani yao, mtu wa Kondoa, na mumewe Halfani alikuwa mwoka mikate wa kambi ya reli.

"Kala nini huyu mtoto?"

"Uji tu, dada. Uji na ubuyu."

Wakati anasema hivyo, Yudith alitazama juu ya jiko. Vibuyu viwili. Aliteremsha kile alichokitumia, akalamba unga. Ubuyu una nyuzinyuzi na unayeyuka ulimini. Huu ulikuwa na chengachenga, unasaga kwenye meno kama mchanga laini. Akajua.

Lakini hakusema. Methusela alimkataza, na yeye alisema sawa. Atamwambia nini? Atawaambia nini watu? Alikificha kibuyu chini ya kaniki yake, akambeba mtoto mgongoni.

"Twende kambini kwa Bwana Sila," alisema Mwamvua. "Haraka!"

Sila alikuwa mtumishi wa dawa kwenye kambi ya reli, mtu wa makamo, mpole. Alimlaza Ruthu kwenye mkeka, akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Akakunja uso.

"Amekula nini?"

"Uji, baba. Na ubuyu."

"Ubuyu tu?"

Yudith akaitikia kwa kichwa. "Ubuyu tu."

"Basi huenda ni uchafu umemkaa tumboni. Nitampa mafuta ya nyonyo yamsafishe." Sila akachukua chupa, akamimina mafuta kwenye kijiko.

Yudith alitazama kijiko kikienda kwenye mdomo wa mwanawe. Miguu yake haikutulia. Vidole vyake vilikuwa vinakifinya kibuyu chini ya nguo.

"Usimpe!" alipiga kelele. "Usimpe, baba! Nimesema uongo!"

Akakitoa kibuyu. Maneno yakatoka kwa mkupuo: kopo, karatasi, mbuzi, miko mitatu iliyojaa. Alikuwa analia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Sila alirudisha mafuta kwenye chupa. "Umefanya vizuri kusema. Mafuta haya yangemharisha zaidi, na amekwisha kupoteza maji mengi."

Mwamvua alimimina unga kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole, akaonja kidogo mno, akatema. "Astaghafirullah! Huu ni unga mchachu wa kuumulia mikate. Halfani anautumia kila siku. Unatoka kwenye mapipa ya mvinyo wa zabibu."

Siku hizi dukani unga huo huandikwa krimu ya tata.

"Ni sumu?" aliuliza Yudith.

"Ncha ya kijiko kwenye donge la mkate haimdhuru mtu," alisema Mwamvua. "Lakini miko mitatu, kwa mtoto huyu?"

"Ukizidi unachafua tumbo, na unaweza kuvuruga mwendo wa moyo," alisema Sila. "Ndiyo maana namshika mkono. Tusimlazimishe kutapika. Tumpe maji safi, funda moja moja, na tumwangalie."

Yudith alihesabu mafunda. Jua lilipita juu ya paa, likaanza kushuka. Sila alishika mkono wa Ruthu, akauacha, akaushika tena. Treni ilipiga filimbi ikapita, na Yudith hakuisikia. Alasiri ndipo Ruthu alipofungua macho.

"Mama, mbuzi wamekula mtama?"

Yudith alicheka na kulia papo hapo.

"Mapigo yametulia," alisema Sila. "Na siku nyingine, mama, ukileta mgonjwa, leta na alichokula. Na useme kweli mapema."

Kesho yake Mwamvua alikuja na kukaa jikoni kwa Yudith.

"Mdogo wangu, unga huu tumwage. Umekwisha kushika mvuke wa vyungu, tazama mabonge haya. Unataka pakavu, chombo chenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko. Mbali na magadi pia. Vikikutana na maji vinatoka povu, na nguvu ya unga inaishia hapo. Uchote kwa kijiko kikavu. Ukimwagika, usiupulize, utaingia machoni. Futa kwa kitambaa kibichi, kisha nawa mikono."

"Na usikae karibu na chakula cha mtoto," alisema Yudith polepole.

"Wala usitoke kwenye kopo lake. Kopo ndilo linalosema ndani mna nini."

Yudith alikipasua kile kibuyu. Kisha akaliosha lile kopo zuri la maziwa, akalianika juani kutwa nzima.

Methusela aliporudi, alikuwa na mfuko mwingine wa unga uleule. Yudith hakungoja avue viatu. Alimwambia yote. Methusela alimpakata Ruthu magotini.

"Nami nina kosa," alisema. "Nilisema usiguse. Sikusema kwa nini."

Wakautia unga kwenye kopo, wakabana mfuniko, wakaliweka kwenye rafu ya juu chumbani. Yudith alitafuta kipande cha karatasi na mkaa. Aliandika herufi saba, kubwa, zimepinda kidogo, akazibandika kwa uji mzito: SI UBUYU.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Ruthu kuyajua kwa macho. Kila asubuhi, kabla ya kupokea kikombe, alisimama mlangoni mwa chumba akaelekeza kidole juu.

"Si ubuyu!" alisoma kwa sauti. Kisha akageuka na kugusa kibuyu mkononi mwa mama yake. "Huu ndio wangu. Tia mwingi!"

Yudith alitia. Nje mbuzi walikuwa wanalia na ua haujafagiliwa. Akakaa chini kando ya mwanawe mpaka uji ukaisha.