Kidole cha Mama Ok-bun

"Nani alikwambia kidole kimekosewa?"

"Kilikuwa kifupi, Chae-rin. Kifupi mno. Mtu yeyote mwenye macho angeona."

"Mwenye macho! Usinichekeshe asubuhi hii, Tae-gyu."

Pyo Chae-rin alikuwa ameishika karatasi kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili wake, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Alivaa gauni la kitani la kijani alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo, na juu yake aproni ya kazi yenye madoa ya mkaa. Nywele alizibana kwa penseli. Mbele yake alisimama mchumba wake, Ban Tae-gyu, shati jeupe lililopigwa pasi, mikono haijui iende wapi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa saba, na jua la mji wa Daegu, Korea, lilikuwa limeshaanza kuoka madirisha. Ukutani nyuma yao ilining'inia michoro mingine kumi, yote ya mikono tu. Maonyesho ya darasa la watu wazima wanaoanza kuchora yangefunguliwa saa nane mchana. Na michoro yote, ule wa mkononi mwa Chae-rin na ile kumi ya ukutani, Tae-gyu alikuwa ameirekebisha.

"Jana mchana," alisema Chae-rin. "Nimekwenda kuchukua fremu, kwa muda wa saa mbili tu, na wewe umeingia darasani kwangu na raba."

"Nilikuwa nasaidia."

"Darasa langu halina raba! Wiki kumi na mbili hakuna raba iliyovuka mlango huu, na unajua."

Alijua. Jengo zima lilijua. Ghorofa tatu za chini zilikuwa za tuisheni ya vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha sanaa: vichwa vya plasta, vivuli, saa ya ukutani inayohesabu dakika. Huko mwalimu hukalia kigoda cha mwanafunzi akamrekebishia mchoro wake, na wazazi wanalipia hilo hilo. Tae-gyu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote kwa kurekebisha.

Chumba cha Chae-rin, ghorofa ya nne, kilikuwa na sheria nyingine. Dereva wa basi, muuguzi mstaafu, dada wawili wauza vitambaa na wenzao walichomeka penseli katikati ya kipande cha kadibodi ili wasiuone mkono unaochora. Kisha waliweka jicho kwenye ukingo wa kitu na kuufuata, polepole kama sisimizi anayetembea ukingoni mwa sahani, na penseli ikaenda mwendo wa jicho. Kutazama karatasi, marufuku. Kufuta, marufuku. Mstari ulitoka umepinda, mwingine ulipotea njia kabisa, lakini kila kona yake kuna mtu aliyeiona.

"Huu ni mkono wa nani?" Chae-rin aliuliza.

"Wa yule mama wa keki za mchele, hapo ng'ambo. Mama Ok-bun."

"Kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto kina pingili ngapi?"

"Tatu. Kama watu wote."

"Moja."

Tae-gyu aliitazama tena karatasi.

"Moja, Mwalimu Ban. Mbili zililiwa na mashine ya kukatia keki, mkesha wa sikukuu ya mavuno, miaka thelathini na moja iliyopita. Wewe umemrudishia. Umempa na kucha nzuri kabisa, imeng'aa."

Alipoanza kumwita Mwalimu Ban, Tae-gyu alijua mambo yameharibika.

"Mpenzi, sikujua. Kila nikimwona ameingiza mkono kwenye mfuko wa aproni."

"Na hukujiuliza mtu anawekaje mkono mfukoni mwaka mzima, hata kwenye joto hili?"

"Nisikilize basi. Jumatatu mkurugenzi aliniita. Wazazi wa vijana wa mtihani watapita hapa leo. Alisema wakikuta michoro kama ya watoto wa chekechea, darasa lako analifunga na chumba anawapa watahiniwa. Nilifanya nini kibaya? Nilikuwa nakulinda."

Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

"Jumatatu," Chae-rin alisema taratibu. "Leo Ijumaa. Jumanne tumekula pamoja. Jumatano umenipigia simu dakika arobaini unanieleza habari za paka wa dada yako. Na darasa langu linataka kufungwa, hukuona la kuniambia."

"Ungekasirika."

"Sasa sijakasirika?"

"Ungekwenda kumfokea Mkurugenzi Gu, angekufukuza siku hiyo hiyo. Nakufahamu."

"Hunifahamu. Ungenifahamu usingenichora vile." Sasa ilitoka yote. "Siku ya mia tangu tuanze mapenzi uliniletea picha yangu kwenye fremu ya dhahabu. Unakumbuka? Nikakushukuru, nikaitundika. Mama yangu alipoiona aliniuliza ni lini nimepasuliwa kope zitiwe mkunjo. Macho yangu hayana mkunjo, Tae-gyu! Miaka miwili unayatazama. Ulinipa mkunjo wa kope, ukaninyoosha na pua."

"Mkono umezoea. Macho nimechora elfu na elfu—"

"Macho ya nani? Si yangu. Hukunitazama mimi, ulitazama karatasi. Na kidole cha mama wa watu ni hivyo hivyo. Kila kisichofanana na cha plasta, wewe unakifuta."

Alitoa simu kwenye mfuko wa aproni. Jumapili mama yake na baba yake walikuwa wakutane na wazazi wa Tae-gyu, kula na kupanga siku ya harusi. Meza mgahawani waliihifadhi wiki tatu kabla.

"Halo, dada, habari za asubuhi. Naitwa Pyo Chae-rin. Meza yangu ya Jumapili saa saba, watu sita. Futa. Ndiyo, yote. Asante."

"Chae-rin!"

"Futa, si ndiyo kazi unayoipenda?"

Tae-gyu alikaa kwenye kigoda. Miaka miwili nyuma walikutana Soko la Seomun, kwenye mabenchi ya tambi, saa ya chakula cha mchana, watu wamebanana bega kwa bega. Msichana aliyeketi mbele yake alikuwa anachora mkono wa muuza tambi bila kutazama chini, na penseli yake ilishatoka nje ya daftari ikawa inatembea mezani. "Dada, mstari wako unaingia kwenye supu yangu," alimwambia. Bila kugeuza jicho alijibu, "Sogeza bakuli." Akasogeza. Siku hiyo hiyo alimwomba namba.

Sasa hakujua asogeze nini.

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Mama Ok-bun aliingia na sinia kubwa begani, amelishika kwa mkono wa kulia, limejaa keki za mchele, nyeupe na za kijani, zinatoa mvuke wa ufuta. Alikuwa na miaka sitini na minane, nywele fupi za mawimbi, blauzi ya maua ya zambarau, na midomo ameipaka rangi.

"Sauti zenu nimezisikia tangu kwenye ngazi," alisema. "Mngoje muoane kwanza ndiyo mgombane hivyo. Mchoro wangu uko wapi? Binti yangu yuko njiani anatoka Busan. Nimemwambia nimechora mkono wa kushoto, simu ikawa kimya, nikadhani imekatika."

Chae-rin aliuficha mchoro mgongoni, kisha akaona haya. Akautandaza mezani.

Mama Ok-bun aliutazama. Aliliweka sinia kando. Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka kando ya karatasi, na kwa mara ya kwanza Tae-gyu alikiona kile kisiki: kigumu, kinang'aa kwenye ncha, kimeinama kidogo upande wa kidole kidogo.

"Ahaa," alisema mama. "Kimerudi. Kilikuwa wapi siku zote hizi? Nani amekileta?"

"Mimi, mama," alisema Tae-gyu. Alisimama, akainama hadi kiunoni. "Nisamehe. Nilidhani umekosea."

"Ulidhani nimekosea mkono wangu mwenyewe." Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Tae-gyu zaidi. "Kijana, huu mkono nauosha, naukandia unga, lakini kuutazama siutazami. Hata picha za harusi ya binti yangu niliuficha nyuma ya begi. Huyu mwalimu akaniambia, fuata ukingo tu. Nikafika hapa." Akagusa kisiki. "Nikataka kuruka niende kidole kinachofuata. Nikasema, hapana, sisimizi haruki. Dakika ishirini nilikizunguka hiki peke yake. Nililia, na sikuacha. Halafu wewe umekuja na kucha."

Tae-gyu aliinama tena.

"Nipe raba," alisema Mama Ok-bun.

"Mama, darasa letu..." alianza Chae-rin.

"Najua sheria. Sheria ni ya mistari yangu. Hiki kidole si changu."

Tae-gyu alimpa. Mama alifuta kwa nguvu, makombo yakaruka juu ya zile keki, hadi pingili mbili na kucha zikaondoka. Pakabaki peupe. Akapapasa kwa kidole gumba. "Na changu nacho hakipo."

Chae-rin aliichukua karatasi, akaiinamisha dirishani ili mwanga uingie kwa ubavu. "Kipo, mama. Tazama. Ulikandamiza penseli kama unachimba kisima."

Kweli, karatasi ilikuwa na mfereji mwembamba, umepinda, unapanda, unazunguka ncha ya kisiki na kushuka. Raba ya Tae-gyu iliondoa risasi ya penseli, ikauacha mfereji. Mama Ok-bun alikaa, akachukua penseli, akaufuata tena, hajali muda wala watu.

"Na hawa wengine?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Atafuta yake yote," alisema Chae-rin. "Wenyewe wakija, kila mtu afuate mfereji wake."

Tae-gyu alikuwa ameshaanza. Alisimama ukutani na raba, mchoro baada ya mchoro, akiondoa vivuli vyake vizuri, jasho likimloanisha shati. Alikuwa kwenye mkono wa dereva wa basi simu yake ilipolia. Aliweka sauti ya nje, simu kwenye kigoda, asiache kufuta.

"Mwalimu Ban," ilisema sauti ya Mkurugenzi Gu, "hiyo michoro sasa inafaa kuonyeshwa?"

"Jana ilifaa. Nimeifuta."

"Umefanya nini?"

"Ile ilikuwa michoro yangu, mkurugenzi. Haya ni maonyesho ya watu wengine."

"Nilikwambia nitalifunga darasa hilo!"

"Uliniambia mimi. Saa nane watakuwepo wanafunzi wote na jamaa zao, na mwalimu wao. Njoo uwaambie wenyewe, mbele ya mikono yao."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi nzito, kisha: "Nitakuja." Simu ikakatwa.

Chae-rin alikunja mikono kifuani. "Usidhani hiyo inatosha."

"Sidhani."

"Kumjibu mkurugenzi ni rahisi. Hata mimi ningemjibu, kama ningeambiwa."

"Najua. Nilipaswa kukwambia Jumatatu. Nilikosea Jumatatu, siyo jana tu."

"Hebu mkalishe huyu," alisema Mama Ok-bun, akimaliza mstari wake. "Achore uso wako, bila kuchungulia. Mimi nasimama hapa na kijiko cha keki. Akichungulia, kisogo chake ni changu."

"Sina muda wa michezo, mama."

"Huo ndio mtihani wake. Kaa, mwanangu."

Chae-rin alikaa, uso umefura kwa hasira, taya limekazwa, na hakujaribu kuulainisha. Tae-gyu alichomeka penseli kwenye kadibodi. Aliweka jicho kwenye ukingo wa paji la uso wake na kuanza. Mara mbili shingo yake ilitaka kuinama, mara mbili kijiko kikagonga kigoda. Alifika kwenye jicho. Mkono ulitaka kuchora mkunjo wenyewe, kama ulivyofanya maelfu ya mara. Aliusimamisha. Alitazama. Kope ilishuka moja kwa moja, nyororo, mpaka kwenye kona ambako kulikuwa na alama ndogo ya tetekuwanga. Miaka miwili, na alama hiyo alikuwa hajawahi kuiona.

"Mbona umesimama?" Chae-rin aliuliza kwa ukali.

"Naangalia."

Dakika ishirini zilipita. Penseli ilizunguka sikio, ikashuka shingoni, ikatoka nje ya karatasi na kushika njia ya mezani, ikielekea kwenye sinia la keki.

"Kijana, unaingia kwenye biashara yangu," alisema Mama Ok-bun.

"Sogeza sinia," alisema Tae-gyu, macho hayajaondoka usoni mwa Chae-rin.

Mama akasogeza. Chae-rin aligeuza kichwa haraka dirishani ili wasimwone akitabasamu.

Baadaye aliichukua karatasi. Sikio lilikuwa limekaa shavuni. Pua ilikuwa imepinda kama ilivyopinda. Mdomo ulikuwa na hasira. Na macho yalikuwa yake, bila mkunjo, na kwenye kona ya moja kulikuwa na kibonyo kidogo mno, kama kimechomwa na sindano.

"Baya," alisema.

"Baya sana," Tae-gyu alikubali.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Hadi Jumapili nitakuwa nimekukasirikia."

Alivuta kadi nyeupe, akamsukumia pamoja na kalamu. "Andika jina lako. Chini yake: darasa la wanaoanza, wiki ya kwanza."

Tae-gyu aliandika. Chae-rin alichukua nyundo na msumari, akaenda kwenye nafasi iliyobaki ukutani, kando ya mkono wa Mama Ok-bun, akapigilia kwa mapigo matatu na kutundika uso wake uliopinda. Kisha, nyundo ingali mkononi, akabonyeza simu kwa kidole gumba.

"Halo, dada. Ni mimi tena, Pyo Chae-rin. Ile meza ya Jumapili, kuna mtu ameichukua? Basi irudishe. Ndiyo, watu sita." Alimtazama Tae-gyu, aliyekuwa tayari amerudi na raba kwenye mkono wa dereva wa basi. "Jina lile lile."